Kuishukuru Kazi Katika Majira ya Theluji

Hotuba iliyotolewa mwezi wa Januari mbele ya mkusanyiko wa familia zinazozungumza Kiswahili, Minneapolis, jimbo la Minnesota. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika kwa kuwa walikuwa zamuni.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, vijana na wanafunzi mliokaa kule nyuma, habari za mchana. Nawashukuru kwa kuja. Najua kwamba kila aliyekuja kwa gari lake alisimama kwanza nje kukwangua barafu kwenye kioo, na najua pia kwamba viti vingi vilivyo vitupu leo ni vya wenzetu ambao saa hii wako kazini, katika nyumba za wazee na hospitali, katika maghala ya mizigo, katika viwanda vya nyama, na nyuma ya usukani wa malori na mabasi. Naomba tuanze kwa kuwakumbuka hao, kwa sababu maneno yangu yanawahusu wao zaidi kuliko sisi tuliopata nafasi ya kukaa.

Waandaaji waliniomba nizungumze juu ya kuishukuru kazi. Nikawauliza, kwa nini Januari? Wakanijibu kwamba huu ndio mwezi ambao manung'uniko huzidi, mwezi ambao mtu huamka saa kumi na moja alfajiri, akachungulia dirishani, akaona giza na theluji iliyoanguka usiku kucha, akajiuliza kama kweli alivuka bahari kuja kufanya hivi. Swali hilo ni la haki, na sitamlaumu yeyote aliyewahi kujiuliza. Leo ninaomba tuliweke swali jingine kando yake, na nitalirudia mara kadhaa ili hata watoto waondoke nalo: kazi hii inambeba nani? Ninaamini kwamba mtu huishukuru kazi yake kweli pale tu anapojua inambeba nani.

Sikuja kuwaambia kwamba baridi hii si kitu. Tarehe 30 Januari 2019, siku ambayo wengi wenu mnaikumbuka, kipimo cha hapa Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa sababu ya upepo mwili ulihisi baridi iliyopita nyuzi 45 chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo ngozi iliyoachwa wazi huanza kuganda ndani ya dakika chache. Shule zilifungwa. Shirika la posta la Marekani, ambalo watu wa nchi hii wamezoea kuliona likipeleka barua katika mvua na katika jua, lilisimamisha upelekaji wa barua katika jimbo hili na katika majimbo kadhaa ya jirani. Kule Chicago mafundi wa reli waliwasha moto wa gesi kwenye makutano ya reli ili vyuma visigande na treni ziendelee kupita.

Sasa niwaulize, ndugu zangu: siku hiyo posta iliposimama, ni nani ambaye hakusimama? Je, wazee wasioweza kujigeuza kitandani waliambiwa wangoje hadi hali ya hewa itengemae? Je, mgonjwa wa figo aliambiwa damu yake itasafishwa wiki ijayo?

Yuko mama mmoja miongoni mwetu, mtu wa upande wa Nyamira, ambaye sitamtaja kwa jina kwa kuwa hapendi kutajwa. Siku hiyo alikuwa anamaliza zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Aliyepaswa kumpokea alipiga simu kusema gari lake limekataa kuwaka, na aliyefuata katika orodha naye akasema hivyo hivyo. Mama huyu alibaki akafanya zamu ya pili. Alikuwa na bibi mmoja chini ya uangalizi wake ambaye lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, kwa sababu mwili wa mzee anayelala upande mmoja huanza kupata vidonda ambavyo vikishaingia ni vigumu sana kupona. Alikuwa na babu mwingine ambaye hawezi kunywa maji ya kawaida bila kupaliwa, hivyo maji yake lazima yakorogwe na unga maalumu hadi yawe mazito. Mtu asiyejua jambo hilo angempa maji matupu kwa nia njema kabisa, na pengine angemuua. Huyu mama alijua. Alipokuja kunisimulia, sikumsikia akizungumza juu ya baridi hata mara moja. Alizungumza juu ya yule bibi na yule babu.

Nataka tulitafakari jambo hili, hasa ninyi vijana. Nimewasikia baadhi yetu wakipigiwa simu kutoka nyumbani na kuulizwa wanafanya kazi gani, nao wakajibu kwa haraka, "Niko hospitalini," kisha wakageuza mazungumzo, kwa sababu wanaona aibu kusema kwamba wanawaosha wazee, wanawavika nguo, wanawalisha na kuwabadilishia nepi. Kwa nini tuone aibu? Kwetu, mtu anayemwosha mama yake mzee huombewa dua na kijiji kizima. Imekuwaje kitendo kile kile, kikifanywa kwa mama wa mtu mwingine, katika nchi ya mbali, katikati ya tufani ya theluji, kigeuke kuwa kitu cha kuficha? Kazi ambayo theluji haiwezi kuisimamisha ni kazi ambayo watu hawawezi kuishi bila hiyo. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Nami naongeza kwamba nyingi kati ya kazi tunazoziita mbaya hazina ubaya wowote. Tunaziita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kutupongeza kwa kuzifanya.

Basi, kazi hii inambeba nani? Kwanza kabisa inambeba yule unayemhudumia. Huyo ndiye wa kwanza, hata kabla ya mshahara.

Wapendwa wasikilizaji, jambo la pili. Wako wanaodhani kwamba majira ya baridi hutuchosha tu, basi. Historia ya nchi hii inaonyesha kwamba yanaweza kufanya zaidi ya hapo. Yanaweza kuichukua kazi yenyewe.

Majira ya baridi ya kutoka mwaka 1976 kuingia 1977 yalikuwa makali kupita kawaida katika majimbo ya mashariki na ya kati. Ziwa Erie liliganda mapema, katikati ya Desemba. Watu walihitaji gesi nyingi mno kwa ajili ya kupasha nyumba joto, na gesi iliyopatikana haikutosha. Ikabidi ichaguliwe: gesi iende nyumbani au iende kiwandani? Viwanda vikakatiwa. Katika majimbo kama Ohio, Pennsylvania na New York, zaidi ya watu milioni moja walirudishwa nyumbani bila kazi, na shule nyingi zikafungwa. Rais Jimmy Carter, ambaye alikuwa ameapishwa tarehe 20 Januari tu, alitia saini sheria ya dharura ya gesi tarehe 2 Februari, na jioni hiyo akawahutubia wananchi kwa televisheni akiwa amevaa sweta. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 28 Januari, upepo mkali ulikuwa umeipeperusha theluji iliyolala juu ya ziwa lililoganda na kuimwaga juu ya mji wa Buffalo, na watu 29 wakapoteza maisha katika tufani hiyo.

Hebu mfikirieni fundi mmoja wa kiwanda huko Ohio asubuhi hiyo ya mwaka 1977. Nje kuna theluji hadi kiunoni, naye hana haja ya kutoka. Hakuna saa ya kengele, hakuna barafu ya kukwangua, hakuna msimamizi wa kumngoja langoni. Amepata kile ambacho sisi, tukiwa tumechoka, tunakitamani kila asubuhi ya Januari. Je, alifurahi? Au alikuwa ameketi mezani akihesabu kodi ya nyumba, na bili ya hiyo hiyo gesi iliyomfungia kiwanda?

Sihitaji kwenda mbali hadi mwaka 1977. Aprili mwaka 2020, wakati wa korona, karibu asilimia 15 ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na kazi, na familia kadhaa zilizomo humu zilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Majira yalikuwa mazuri, theluji imeyeyuka, miti inachipua. Hali ya hewa nzuri haikulipa kodi ya mtu yeyote.

Kuna ndugu zetu wanaolijua jambo hili kwa undani kuliko sisi sote. Humu wamo watu waliokulia Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Wamo waliokulia Kakuma, katika nchi ya Waturkana, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992. Wanajua maana ya kuishi mahali ambapo mtu mwenye afya, mwenye ufundi na mwenye hamu ya kufanya kazi anazuiwa na sheria asitoke kambini bila kibali, akangojea mgao wa chakula mwaka baada ya mwaka. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa seremala huko Uvira kabla ya kukimbia. Kambini mikono yake ilikaa bure hadi watoto wake wakakua bila kujua kwamba baba yao ni fundi. Leo anafanya kazi katika kiwanda cha nyama, mahali ambapo ndani ni baridi karibu kama nje, anasimama kutwa nzima mbele ya mkanda unaopitisha nyama, na wenzake wanasema hajawahi kuchelewa. Nilipomuuliza anawezaje, alinikumbusha kwamba kule alikotoka hakukuwa na theluji. Kulikuwa na jua mwaka mzima, na hakukuwa na kazi.

Wamo pia, na hawa nataka niwageukie kwa upole, ndugu walioomba hifadhi ya kisiasa na ambao bado wanangoja kibali cha kazi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1996 inamtaka mwombaji hifadhi akae siku 180 tangu ombi lake lipokelewe kabla ya kupewa kibali hicho, na mara nyingi kungoja huwa kurefu zaidi kwa sababu ya makaratasi. Mtu wa namna hii hulala sebuleni kwa jamaa yake. Saa kumi na moja alfajiri husikia mwenyeji wake akivaa viatu vya theluji huku akinung'unika, naye amelala pale kwenye kochi akiwa macho, na angetoa chochote ili yeye ndiye awe anavaa vile viatu. Tukumbuke kwamba anatusikia. Sisemi tusichoke, wala sisemi tusilalamike, kwa maana kulalamika nako ni haki ya mwenye kufanya kazi. Nasema tujue ni nani amelala kwenye kochi. Na wewe unayengoja, usijione mzigo. Siku zako zinakuja, na tutakuwa pamoja nawe asubuhi ya kwanza utakapotoka.

Kazi hii inambeba nani? Januari, ndugu zangu, ndiyo inayolijibu swali hili waziwazi kuliko miezi yote, kwa sababu mwezi ule ule ambao huku ni wa baridi kali, kule nyumbani ni mwezi wa kufungua shule. Saa ile unayoona gari limefunikwa na theluji, kuna mtoto Kisii, au Moshi, ambaye jina lake linasomwa mbele ya wenzake kwa ajili ya karo. Kuna mwanafunzi anayeanza sekondari ambaye bado hana godoro wala sanduku. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi kwamba mwaka 2024 Wakenya walio nje ya nchi walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka hapa Marekani. Fedha hizo zote zilianza kama zamu. Zilianza kama mtu kuvaa glavu na kutoka nje. Nikiona hesabu hiyo sioni biashara ya benki, naona akina mama wa zamu ya usiku.

Na tusifikiri kwamba sisi ndio wa kwanza katika ukoo kufanya kazi katika baridi. Waliotoka Limuru wanakumbuka wazazi wao wakiingia shambani kuchuma chai alfajiri ya Julai, ukungu umetanda na nguo zimelowa umande hadi magotini. Waliotoka Kericho wanakumbuka mvua ya mawe inavyoweza kuharibu majani ya chai ndani ya nusu saa, na mchumaji akarudi na kikapu kitupu siku hiyo. Waliotoka Njombe na Makete wanajua jivu jeupe la baridi juu ya nyasi za asubuhi. Hawa ndio waliotusomesha. Baridi yao haikuwa na koti zito wala gari lenye kipasha joto, lakini kilo za majani yale zilikuwa zinatubeba sisi, nasi hatukujua.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nalichukulia kuwa zito kuliko yote, na naomba mnivumilie nikichukua muda. Wapo waajiri wanaopenda sana kusikia habari za shukrani. Wapo wanaomwambia mfanyakazi mgeni, "Shukuru una kazi," wakimaanisha anyamaze. Je, kushukuru ni kunyamaza?

Twendeni Memphis, jimbo la Tennessee, mwaka 1968. Wazoa taka wa mji ule walikuwa karibu wote watu weusi. Ilikuwa kawaida, mvua ikinyesha sana, wafanyakazi weusi kurudishwa nyumbani na kupoteza malipo ya siku, ilhali wasimamizi weupe wanaendelea kulipwa. Tarehe 1 Februari mvua kubwa ilinyesha. Wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga ndani ya lori lao la taka, upande wa nyuma, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine walipokaribishwa kujikinga. Mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha, nao wakasagwa humo. Wanaume wawili walikufa kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya lori bovu, wakiwa kazini.

Je, wenzao hawakuithamini kazi yao? Waliithamini sana. Walikuwa na wake na watoto, na kazi hiyo ndiyo iliyowabeba. Tarehe 12 Februari wazoa taka wapatao 1,300 waligoma. Waliandamana wakiwa wamebeba mabango yaliyosema, kila mmoja na lake, kwamba yeye ni mtu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono mwezi Machi. Maandamano makubwa yaliyopangwa kufanyika tarehe 22 Machi yakaahirishwa kwa sababu ya theluji, theluji ya karibu sentimita 40, jambo la nadra mno katika mji ule wa kusini. Hata theluji hiyo haikuwarudisha nyuma. King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili, na tarehe 16 Aprili mji ulikubali kukitambua chama chao cha wafanyakazi na kuwaongezea mshahara.

Mnaona, ndugu zangu? Mtu asiyeithamini kazi yake akionewa huondoka tu, akaenda zake. Wazoa taka wa Memphis waliithamini kazi yao kiasi cha kutaka ifanywe bila kuua watu. Walijua kazi yao inambeba nani, walijua kwamba mji mzima ungenuka bila wao, na kwa kuwa walijua hivyo walisimama wima. Shukrani ya namna hiyo ndiyo ninayoiomba leo. Sitaki tuwe watu wa kuinamisha kichwa.

Kwa hiyo nazungumza sasa juu ya barabara. Desemba mwaka 2022, siku mbili kabla ya Krismasi, tufani nyingine iliupiga mji wa Buffalo. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu hakuona hatua chache mbele yake, na theluji iliyoanguka katika siku hizo chache ilipita mita moja. Amri ya kuzuia magari yasitembee ilianza kutumika siku ya Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi, wakati watu wengi walikuwa wameshakwenda kazini. Waliokufa katika mji huo na vitongoji vyake walikuwa zaidi ya 40. Wengine walikutwa ndani ya magari yao. Wengine walifia nyumbani kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kufika.

Nikifikiri juu ya watu hao nashindwa kusema kwa wepesi kwamba mtu aende kazini kwa vyovyote vile. Hapana. Kazi inayombeba mtoto wako haiwezi kumbeba ukiwa umekufa barabarani. Serikali ikisema barabara zimefungwa, zimefungwa hata kwako. Ukikwama, baki ndani ya gari, usijaribu kutembea kutafuta msaada usioweza kuuona. Toka tu kuondoa theluji iliyoziba bomba la ekzosi kabla ya kuwasha injini, kwa sababu hewa ya sumu ikirudi ndani huua kimya kimya. Weka blanketi, koleo na tochi nyuma ya gari tangu Novemba, na usiruhusu mafuta yashuke chini ya nusu tangi. Mambo haya nayasema mbele ya wazee nikijua wanayajua, ila kila mwaka hufika watu wapya ambao hakuna aliyewaambia.

Tena mjue sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2024, jimbo la Minnesota linamtaka mwajiri ampe mfanyakazi saa moja ya likizo yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka. Wengi mnadhani likizo hiyo ni ya ugonjwa pekee. Inaweza pia kutumika pale mahali pa kazi panapofungwa kwa sababu ya hali ya hewa, au shule ya mtoto wako inapofungwa kwa sababu hiyo, ingawa ziko kazi chache zilizowekewa masharti tofauti. Mwaka 2023 jimbo hili liliunda pia bodi ya kuweka viwango vya kazi katika nyumba za wazee, na wafanyakazi wenyewe wana wawakilishi wao humo. Hayo hayakushuka kama mvua. Watu waliyadai, watu waliokuwa wakienda zamuni asubuhi na kwenda kwenye vikao vya bunge la jimbo mchana. Mtu anayeijua haki yake hushukuru vizuri zaidi, kwa sababu shukrani yake haina woga ndani yake.

Nataka kuwasemesha kidogo ninyi mlio vijana wa kuzaliwa hapa. Ninyi baridi hii ni yenu, hamkuijia kutoka popote. Baba au mama yako anaporudi saa mbili asubuhi, amefunga lemba, macho mekundu, akalala hadi saa nane, usidhani hakupendi kwa sababu hakuja kwenye mchezo wako wa mpira wa kikapu. Muulize jioni alimhudumia nani usiku ule. Muulize tu. Wengi wetu hatukufundishwa kusimulia kazi zetu kwa watoto, tukadhani mtoto anatakiwa aone chakula mezani na karatasi za shule zimelipiwa, basi. Nadhani hapo tunawanyima kitu. Wazazi, semeni. Msimulie mtoto habari za yule bibi wa kugeuzwa kila saa mbili. Msimulie kuhusu dereva wa greda la kuondoa theluji aliyepita mbele yako saa tisa usiku ili wewe uweze kufika. Huyo naye alikuwa kazini, na kazi yake ilikubeba wewe.

Mwisho nina maombi mawili, na yote ni ya kufanya leo kabla hatujatawanyika.

Pale mlangoni kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ya wenye magari yanayowaka hata katika baridi kali na walio tayari kumchukua mwenzao wa njia moja. Andika jina, eneo unalokaa na saa ya zamu yako. Wengi wanaanza saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku, na sioni kwa nini watu watatu wa mtaa mmoja, wanaokwenda nyumba moja ya wazee, wawashe magari matatu. Ya pili ni ya kazi. Ambaye mahali pake pa kazi wanatafuta watu aandike hapo, na ambaye kibali chake kimefika juma hili, au kitafika mwezi ujao, naye aandike. Nitakaa pale na mzee wetu wa Uvira tuyaunganishe majina hayo leo leo, kwa sababu karatasi inayowekwa mfukoni husahaulika.

Nimeangalia saa. Wanaoingia zamu ya saa tisa alasiri wanyanyuke sasa, msisubiri chai. Mama zetu wamewafungashia vitumbua na chai ya tangawizi kwenye chupa. Vijana wawili wako nje wanakwangua vioo vya magari yenu. Wengine tubaki tuandike majina. Asanteni sana kwa kunisikiliza.